Mawakala walisema inawezekana: kisa cha juisi ya zabibu Kizota

Kiwanda cha kisa hiki msikitafute. Nimekitunga kwa ajili ya kufundishia mafundi, nikakiweka Kizota, Dodoma, kwa makusudi, na nikakipa kazi ambazo watu wa hapa wanazijua. Mwenye kiwanda ni mama mmoja anayepaki vitu vitatu. Zabibu zikiiva, mwezi wa pili na wa tatu, kisha tena wa nane na wa tisa, anatengeneza juisi. Alizeti ikishavunwa anakamua mafuta. Katikati ya misimu hiyo ananunua asali ya Manyoni na kuijaza kwenye chupa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kinachoweza kulipia mashine zake peke yake mwaka mzima.

Kwa hiyo hana laini iliyofungwa sakafuni kwa bolti. Ana matoroli saba yenye magurudumu. Moja linasuuza chupa, moja linapasha moto, moja linapoza, mawili yanajaza, moja linafunga vizibo na la mwisho linabandika lebo. Yale mawili ya kujaza hayafanani: moja linasukuma kwa pistoni, lingine linaacha kimiminika kishuke chenyewe kutoka kwenye tenki. Leo unapanga manne, wiki ijayo sita. Mwaka 1999 Yoram Koren wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake waliandika kuhusu mifumo ya uzalishaji inayopangwa upya, ile inayokupa uwezo unaouhitaji tu, pale unapouhitaji. Mfano waliokuwa nao kichwani ni viwanda vikubwa vya magari. Kwangu mimi hoja yao ina uzito zaidi Kizota kuliko Detroit. Kiwanda cha magari kinaweza kumudu laini moja ikalala miezi sita. Huyu mama hawezi.

Shida ilikuwa siku ya kubadilisha bidhaa. Kusukuma matoroli ni kazi ya asubuhi moja. Ila kila toroli lina paneli yake, ndani ya paneli kuna kidhibiti ambacho mafundi wanakiita PLC, na vidhibiti hivyo lazima vielewane: nani aanze, nani asubiri, mkanda uende kasi gani, vali ikae wazi sekunde ngapi. Aliyeandika programu hizo yuko Dar es Salaam. Treni ya SGR imefupisha safari tangu 2024, lakini fundi mwenyewe ana wateja wengine, na zabibu ikishachumwa haimsubiri mtu.

Wahitimu wawili wa uhandisi wakamshauri mama aweke mawakala. Wakala, kwa maana ya kisa hiki, ni programu inayosimama kwa niaba ya kitu kimoja na kukisemea. Kila toroli likafungiwa kompyuta ndogo pembeni ya PLC yake, na ndani yake kuna wakala anayejua toroli hilo linaweza nini. Kila oda nayo inapata wakala wake. Oda ikiingia, wakala wake anatangaza: nataka chupa elfu mbili za nusu lita, juisi ya zabibu, ipashwe moto, ifungwe, ibandikwe lebo. Mawakala wa matoroli wanaojiona wanaweza kipande fulani cha kazi wanaleta zabuni: najaza mimi, kila chupa kwa sekunde kadhaa. Wakala wa oda anapima, anachagua, anafunga mkataba na kila aliyeshinda. Kisha kioo cha kompyuta kinaonyesha toroli lipi likae wapi. Watu wanasukuma, mawakala wanateremsha vipimo kwenye PLC, laini inawaka. Fundi wa Dar hahitajiki.

Utaratibu huo wa kutangaza na kuleta zabuni aliueleza Reid G. Smith mwaka 1980. Mwaka 1998 kundi la Hendrik Van Brussel huko Leuven, Ubelgiji, likaupa umbo la kiwandani: bidhaa ina msemaji wake, oda ina wake, mashine ina wake, na pembeni anakaa mshauri anayeona picha nzima. Huko Stuttgart, Ujerumani, kampuni ya magari ya DaimlerChrysler iliujaribu kwenye uchongaji wa vichwa vya silinda vya injini. Kila kipande cha chuma kilikuwa na wakala wake, na mashine zikikishindania. Programu huria za kuandikia mawakala zipo siku nyingi, JADE iliyotoka Telecom Italia ikiwa inayojulikana zaidi. Nayataja haya ili ieleweke kwamba vijana wetu hawakubuni kitu cha ajabu. Walichukua elimu iliyokomaa wakaileta mahali ambapo inahitajika kweli.

Mafuta ya alizeti yalipita vizuri. Asali ilipita kwa taabu kidogo, nitaigusa baadaye. Kilichotufikisha kwenye uchambuzi ni juisi.

Oda ya kwanza ya juisi ikaingia, mawakala wakajadiliana, na muda mfupi baadaye kioo kikatoa mpangilio: kusuuza, kupasha moto, kujaza kwa kushuka, kufunga, lebo. Chupa zilizokuwa stoo ni zilezile za plastiki za mafuta. Juisi ikapashwa hadi nyuzi 85, ikaingia kwenye chupa, na chupa zikaanza kuingia ndani. Nyingine zilipinda shingo kabla hata hazijafika kwenye vizibo.

Kijana wa zamu akazima laini. Mama akampigia simu mmoja wa wale wahandisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mashine zenu zilisema inawezekana. Sasa mbona nina chupa zenye viuno?"

"Pole sana, mama. Ila nimeangalia kumbukumbu, mfumo ulichagua sawasawa."

"Sawasawa kwa nani, mwanangu?"

Swali la mama ndilo swali la kisa kizima, na jibu lake halimo kwenye ule utaratibu wa zabuni. Yule kijana hakudanganya. Ukisoma kumbukumbu za mazungumzo ya mawakala, hakuna kosa hata moja. Wakala wa oda aliomba chupa ya nusu lita. Chupa za nusu lita zilikuwepo. Aliomba kupashwa moto. Toroli la moto lilisema linafika nyuzi 85, na kweli linafika. Toroli la kujaza lilisema linajaza vimiminika vyepesi, na juisi ni nyepesi. Kilichokosekana ni taarifa ambayo kila mtu aliyewahi kumimina chai kwenye chupa ya maji ya dukani anayo: plastiki ile hulainika ikifika kwenye nyuzi 70 hivi. Hakuna aliyeiandika, kwa sababu chupa haikuwa na msemaji. Matoroli yalikuwa na mawakala, oda ilikuwa na wakala, chupa ilikuwa namba tu kwenye orodha ya stoo.

Wahandisi wakarekebisha haraka. Wakaipa chupa ya plastiki tamko lake: usinipe kitu kinachozidi nyuzi 60. Wakaiingiza oda upya. Na hapa ndipo kisa kinapoanza kunoga, maana mawakala walipata jibu, tena jibu la kuvutia. Waliingiza lile toroli la kupoza kati ya la moto na la kujaza. Juisi inapashwa hadi 85, inapozwa hadi 40, inajazwa. Masharti yote yametimia. Chupa zilitoka zimenyooka, zinang'aa, mama akafurahi, mzigo ukaenda madukani.

Baada ya muda usio mrefu simu zikaanza. Vizibo vinafyatuka. Juisi ina povu na harufu ya pombe.

Anayeijua zabibu haoni ajabu. Hamira ya asili inakaa kwenye ganda la zabibu, inakaa hewani kwenye chumba cha kukamulia, inakaa kwenye mikono na kwenye chupa isiyosafishwa kwa moto. Juisi inapojazwa ikiwa na nyuzi 85, moto ule una kazi mbili. Ya kwanza ilishafanyika ndani ya toroli la kupasha: kuua vijidudu vilivyomo kwenye juisi. Ya pili hufanyika ndani ya chupa yenyewe: juisi ya moto inaisafisha chupa, kisha chupa iliyofungwa hulazwa au kupinduliwa ili moto ufike na kwenye kizibo. Mawakala waliitimiza ile ya kwanza na kuifuta ya pili, kwa kuwa hakuna aliyewaambia moto ule ni wa nini. Kwao nyuzi 85 ilikuwa hatua ya kupitia. Ukishaipitia, unaweza kupoza upendavyo.

Kosa la kwanza lilikuwa la taarifa iliyokosekana, na taarifa iliyokosekana inaongezwa. La pili ni zito zaidi. Sharti lililoongezwa lilikuwa sahihi, mfumo uliliheshimu, na kwa kuliheshimu ukavunja kitu kingine ambacho kilikuwa hakijasemwa kwa sababu mpangilio wa zamani ulikibeba bila maneno. Fundi wa Dar asingeweka toroli la kupoza hapo. Labda asingeweza kukueleza sababu kwa lugha ya kitabu, lakini mkono wake usingeliweka. Unapomwondoa fundi na kumweka wakala, unaondoa pia yale yote ambayo fundi alikuwa anayakataa kimyakimya.

Marekebisho ya pili yalichukua muda mrefu, na sehemu kubwa ya muda huo haikuwa ya kuandika programu. Ilikuwa ya kukaa na mama, kijana wa zamu na mtu mmoja anayejua usindikaji wa vyakula, na kuuliza kila hatua: hii ipo kwa nini? Wakaacha kuandika "pasha hadi 85." Wakaandika kwamba juisi inayoingia kwenye chupa isiyotakaswa iwe na angalau nyuzi 82, na chupa ikae na moto huo kwa muda uliowekwa baada ya kufungwa. Oda ikaingizwa tena. Safari hii wakala wa oda alizunguka, akauliza kila toroli na kila aina ya chupa, na kurudi na jibu moja: haiwezekani. Akaonyesha na mahali masharti yanapogongana: juisi inataka 82 na zaidi, chupa iliyopo haivuki 60.

Kwa maoni yangu hilo ndilo zao bora kuliko yote ambayo mfumo ule ulitoa. Watu wengi wakionyeshwa mawakala hupenda kuona mpangilio unajitokeza wenyewe kwenye kioo. Mimi napenda kuona mfumo unaokataa na kusema umekataa kwa nini. Mama alielewa papo hapo anachotakiwa kununua: chupa za kioo. Nazo zilikuja na matamko yao. Kioo baridi kikipigwa na juisi ya moto ghafla hupasuka, kwa hiyo toroli la kusuuza likapewa kazi ya kutumia maji ya moto ili kuipasha chupa kwanza. Chupa za kioo zilizokusanywa mitaani hupishana kimo, kwa hiyo toroli la vizibo lililazimika kutangaza kimo cha chini na cha juu linachokiweza, na zilizobaki zikarudishwa.

Ukishaanza kuyakagua matamko ya uwezo kwa jicho hilo, unakuta mengi yana walakini. Mfano ninaoupenda ni wa kipimajoto. Toroli la kupasha lilitangaza linasoma joto bila kupotea zaidi ya nyuzi moja. Fundi alikuwa amelisahihisha kwa njia ya kawaida: chemsha maji, tumbukiza sensa, mwambie kidhibiti hapa ni 100. Lakini Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Njia hiyo inafaa Dar, Dodoma inadanganya. Sensa iliyosahihishwa hivyo inasoma juu, na kadiri joto linavyopanda uongo unakua, kiasi kwamba kioo cha paneli kikisema 85, juisi iko kwenye 82 au chini kidogo. Ukumbuke sharti letu ni 82. Wakala analeta zabuni kwa moyo mweupe, kwa namba aliyopewa, na namba hiyo imepimwa kana kwamba tuko ufukweni.

Asali nayo ilikuwa na lake. Oda ilisema gramu 500, pistoni inapima mililita, na aliyeandika tamko alichukulia ni kitu kimoja. Kwa maji, sawa. Lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi, kwa hiyo mililita 500 ni kama gramu 700. Mama alikuwa anagawa asali bure. Kwa mafuta ya alizeti kosa lingegeuka upande wa pili, maana yenyewe ni mepesi kuliko maji, na hapo mgomvi wako angekuwa mteja na mkaguzi wa vipimo. Halafu kuna asubuhi za mwezi wa saba. Usiku Dodoma hushuka hadi nyuzi 14 hivi, mafuta kwenye tenki yanakuwa mazito, na toroli la kushuka lililotangaza muda wake wa kujaza kwa kipimo cha saa nane mchana linaanza siku kwa kuchelewesha laini nzima. Dawa yake ni ndogo: tamko la muda litaje na joto la kimiminika. Ila lazima awepo mtu anayejua kwamba asubuhi na mchana si sawa.

Mkoa huu una historia chungu ya uwezo uliotangazwa mahali pengine. Mwaka 1947 Waingereza walileta Kongwa matrekta na mipango ya kulima karanga kwa ekari zisizohesabika. Udongo ukakauka ukawa mgumu kama sakafu, mizizi ya vichaka ikavunja vyuma, na kufikia 1951 mradi ukafutwa. Karatasi za mashine zilikuwa sahihi kule zilikoandikiwa.

Kuna mambo mawili ya mfumo ambayo vijana waliyapata vizuri tangu mwanzo, na ningetaka mafundi wayaige. La kwanza, mawakala hawagusi usalama. Kitufe chekundu cha dharura kimepita kwenye waya wake, toroli likiungwa na jirani plagi ileile inaunga na mzunguko wa dharura, na ukibonyeza popote laini nzima inakufa bila kumwomba wakala ruhusa. Kadhalika kufungua na kufunga vali ni kazi ya PLC, inayohesabu kwa milisekunde. Wakala anayejadiliana anaweza kuchukua sekunde nzima kujibu, na sekunde nzima ni juisi mwaga. La pili, kila toroli linamtambua jirani yake kwa kitambulisho kilichobandikwa kwenye sehemu ya kuungia, kwa hiyo watu wakiyapanga tofauti na kioo kilivyosema, laini haiwaki. Wangeacha watu wabonyeze "tayari" tu, siku moja la lebo lingekaa kabla ya la kusuuza.

Umeme ukikatika ilikuwa hadithi nyingine. Mwanzoni mawakala waliamka bila kumbukumbu, wakala wa oda akianza kuhesabu upya chupa ambazo zimeshafungwa. Sasa hesabu inakaa kwenye PLC, ambako haipotei, na juisi iliyolala kwenye bomba wakati wa giza inarudishwa kwenye tenki kupashwa tena, haiendi kwenye chupa. Hilo la kurudisha juisi halikutoka kwa mawakala. Ni vali ya kawaida ya mitambo ya kupasha vyakula, ipo kabla ya mawakala hawajazaliwa.

Je, mama alihitaji mawakala? Zabuni hasa, hapana. Ukitoa kujaza, ambako kuna matoroli mawili, kila kazi nyingine ina toroli moja. Kutangaza zabuni ambayo mzabuni ni mmoja ni kupoteza maneno. Na hata kwenye kujaza, asali inakwenda kwenye pistoni na juisi inakwenda kwenye la kushuka, kila mara. Kilichomfaa ni yale matamko na kile kikaguzi kinachoyalinganisha, na hivyo viwili vingeweza kufanya kazi bila mnada wowote. Wale vijana hawatapenda kusikia hivyo, maana mnada ndio waliouandikia utafiti wao. Lakini mwenye kiwanda kidogo anayeanza leo angetumia fedha zake vizuri zaidi kumlipa fundi apime kila toroli hapa Dodoma, asubuhi na mchana, na kuandika alichokipima.

Zabuni zitapata kazi siku matoroli yatakapohama. Majirani wa pale wanapaki siagi ya karanga, wanapaki unga wa ubuyu, wanapaki sabuni ya maji, na kila mmoja ana mashine inayolala sehemu ya mwaka. Wa siagi ya karanga ameshaomba kuazima lile la pistoni. Hapo oda za watu wawili zitashindania toroli moja wiki moja, muda utakuwa na bei, na wakala wa kujadiliana atakuwa na cha kujadili. Ila toroli litarudi na nozeli nyingine, pengine pana zaidi, pengine na harufu ya karanga. Ningefunga sharti moja kwenye programu kabla halijavuka geti: plagi ikichomolewa hapa na kuchomekwa kwingine, tamko la kujaza na la usafi lifutike, na toroli lisiruhusiwe kuleta zabuni yoyote hadi fundi alipime tena na kuweka jina lake.